Origen wa Aleksandria, Mwalimu Aliyetumaini Mwisho wa Dhambi na Mauti

Yubile kwa asili yake ni mwaka wa kuachiliwa. Katika Mambo ya Walawi, sura ya 25, Waisraeli waliamriwa kuutakasa mwaka wa hamsini, wapige tarumbeta katika nchi yao yote, na kila mtu aliyeuzwa kwa ajili ya umaskini arudi kwa jamaa zake, na urithi wa shamba urudi kwa mwenyewe. Kwa hiyo yafaa, katika kitabu hiki cha Yubile ya dayosisi yetu, kumkumbuka mwalimu mmoja wa Afrika wa zamani sana, ambaye siku zote za maisha yake alilifikiri neno hili: je, iko Yubile ya mwisho itakayoukomesha utumwa wa dhambi na mauti? Na kama iko, ni nani watakaorudi nyumbani siku hiyo?

Mwalimu huyo ni Origen wa Aleksandria. Hakuwa askofu, wala Kanisa halikumtia katika hesabu ya watakatifu wake. Tena baadhi ya mafundisho aliyohesabiwa kuwa nayo yalikataliwa miaka mingi baada ya kufa kwake. Walakini wachache katika Kanisa la kwanza walifanya kazi kama yake, na kazi hiyo aliianza kama wengi wetu tulivyoianza, yaani kwa kuwafundisha wanafunzi wa ubatizo.

KUZALIWA NA MALEZI YAKE

Origen alizaliwa karibu na mwaka 185 katika Aleksandria, mji mkubwa wa bandari katika nchi ya Misri, walipokaa pamoja Wamisri, Wayunani na Wayahudi, na wenye elimu wa mataifa yote. Baba yake, jina lake Leonides, alikuwa Mkristo, na Origen alikuwa mkubwa wa wana saba. Leonides alimfundisha mwanawe elimu ya Kiyunani, lakini kila siku, kabla ya masomo hayo, alimpa kwanza fungu la Maandiko aliweke moyoni. Mtoto hakutosheka kuyajua maneno. Alitaka kujua maana iliyo ndani yake. Baba alimkemea mbele yake, kwamba asitafute mambo yaliyopita umri wake, na kwa siri alimshukuru Mungu aliyempa mtoto wa namna ile. Eusebius, askofu wa Kaisaria aliyeandika habari za Kanisa la kwanza, asimulia kwamba Leonides alizoea kumwendea mtoto amelala, akakifunua kifua chake na kukibusu kwa heshima, kama mahali pa kukaa Roho wa Mungu.

Mwaka 202, zamani za Kaisari Septimius Severus, Wakristo wa Misri waliteswa sana, na Leonides akatiwa gerezani. Origen, ambaye hakuwa ametimiza miaka kumi na saba, alitaka kwenda kujitoa mwenyewe ili afe pamoja na baba yake. Mama yake alimsihi, naye hakusikia. Ndipo yule mama alipozificha nguo zake zote, na kwa kuwa hakuweza kutoka uchi, kijana akabaki nyumbani. Alilolipata kufanya ni kumwandikia baba yake barua, akimwomba asibadili nia yake kwa ajili ya mkewe na watoto. Leonides alikatwa kichwa, na mali yake yote ikachukuliwa na serikali. Mjane na wana saba wakabaki bila kitu.

Yatupasa kulikumbuka jambo hili tutakapoyafikia mafundisho yake. Aliyefundisha kwamba mauti yatakomeshwa hakuwa mtu asiyeujua uchungu wake. Aliujua tangu ujana, katika nyumba ya baba yake.

UALIMU WAKE KATIKA ALEKSANDRIA

Mama mmoja tajiri alimpokea Origen nyumbani mwake, hata akamaliza masomo, akaanza kufundisha ili awalishe mama yake na ndugu zake. Siku zile walimu wa Kanisa walikuwa wametawanyika kwa hofu ya mateso, na watu wengine wasioamini walimwendea kijana huyu wapate kusikia habari za Neno la Mungu. Alikuwa na miaka kumi na minane tu alipoanza kuwaongoza wanafunzi wa ubatizo, na Demetrius, askofu wa Aleksandria, akamkabidhi kazi hiyo.

Kazi hiyo ilikuwa ya hatari, kwa maana mwanafunzi aliyeandikwa leo huenda akauawa kabla ya siku ya ubatizo wake. Katika wanafunzi wa Origen, Plutarch aliuawa. Serenus alichomwa moto. Heraclides, aliyekuwa hajabatizwa bado, na Heron, aliyebatizwa karibuni, walikatwa vichwa. Na Serenus wa pili vivyo hivyo. Mwanamke mmoja, jina lake Herais, aliuawa kwa moto naye yungali mwanafunzi, akapata ubatizo wake katika moto huo. Mwalimu wao hakujificha. Aliwazuru gerezani, akasimama karibu nao walipohukumiwa, akawasindikiza mpaka mahali pa kufa na kuwabusu busu la amani mbele ya watu wote. Alipomsindikiza Plutarch, watu wa mji walitaka kumwua na yeye pia, wakisema kwamba ndiye aliyemponza.

Mwenendo wake ulipatana na maneno yake. Aliviuza vitabu vyake vya elimu ya Kiyunani, akakubali kulipwa na mnunuzi oboli nne tu kwa siku, ili asimtegemee mtu. Alilala chini, alifunga mara nyingi, na kwa miaka mingi alikwenda bila viatu. Wanafunzi walipozidi hata hakupata nafasi ya kupumua tangu asubuhi hata usiku, aliigawa kazi: wanaoanza akampa Heraclas, ndugu yake Plutarch aliyeuawa, na waliokwisha kuendelea akawafundisha yeye mwenyewe.

Baadaye alimvuta mtu mmoja tajiri, Ambrose, kutoka katika uzushi mpaka imani ya Kanisa. Kwa shukrani Ambrose alimpa waandishi zaidi ya saba, wapokezane kuandika maneno yake kadiri alivyoyasema, na wengine wa kuyanakili, pamoja na wasichana waliofundishwa mwandiko mzuri. Tena aliifanya kazi kubwa ya kupanga Agano la Kale katika safu sita: Kiebrania, Kiebrania kilichoandikwa kwa herufi za Kiyunani, na tafsiri nne za Kiyunani, ili Wakristo wasibishane na Wayahudi kwa maneno yasiyomo katika Maandiko.

MAFUNDISHO YAKE JUU YA MWISHO

Katika Aleksandria, kabla ya mwaka 231, Origen aliandika kitabu katika sehemu nne kiitwacho Juu ya Mianzo. Humo alitafuta kuonyesha jinsi mambo yote yalivyoanza kwa Mungu na jinsi yatakavyoishia kwake. Alitenga mambo mawili kwa uangalifu. Yale ambayo Kanisa limeyapokea kwa Mitume aliyataja kuwa ni yakini: Mungu ni mmoja, Kristo alizaliwa akafa akafufuka kweli, roho ina hiari yake, wafu watafufuka na kila mtu atahukumiwa. Yale ambayo Mitume hawakuyaeleza aliyachungua kama mtafutaji, akimwachia msomaji apime. Alipofika kwenye habari za mwisho, alionya kwamba anasema kwa hofu, akichungua na kujadili, wala si kwa kuamuru.

Msingi wake ulikuwa sura ya 15 ya Waraka wa kwanza kwa Wakorintho. Humo Mtume Paulo afundisha kwamba Kristo hana budi kutawala hata adui zake wote wawekwe chini yake, na kwamba adui wa mwisho atakayebatilishwa ni mauti, kisha Mungu atakuwa yote katika wote. Origen aliuliza: adui hutiishwaje chini ya Kristo? Mfalme wa dunia hii humtiisha adui kwa kumwua au kumfunga, lakini aliyefungwa kwa minyororo moyo wake ungali ni wa uasi. Sisi tulio waamini tumetiishwa chini ya Kristo, na kutiishwa huko ndiko wokovu wetu. Basi, akafikiri, na adui wale wengine je, kutiishwa kwao si kwa namna iyo hiyo? Na kama Mungu atakuwa yote katika wote, dhambi itakaa wapi? Haiwezi kukaa ila katika nia iliyomwacha Mungu. Na siku ambapo hapana nia yo yote iliyomwacha, dhambi haitakuwa na mahali tena, na mauti yaliyoingia kwa mlango wa dhambi yatatoka kwa mlango huo huo.

Kwa sababu hii alifundisha kwamba kubatilishwa kwa adui wa mwisho si kuharibiwa kwa kitu alichokiumba Mungu, maana Mungu hakuumba kitu ili akipoteze. Kinachoharibiwa ni ule uadui. Wala hayo hayatatokea mara moja. Alifikiri yatakuwa kidogo kidogo, kwa muda wa vizazi na vizazi visivyohesabika, wengine wakitangulia mbio, wengine wakifuata, na wengine wakiwa mbali sana nyuma.

Mtu asidhani kwamba alifuta hukumu au adhabu. Aliisema habari ya moto kwa maneno ya kutisha, ila aliieleza kwa namna yake. Alisema kwamba kila mwenye dhambi hujiwashia mwali wake mwenyewe, na kuni za moto huo ni dhambi zake. Kama vile mwili ulioshiba vyakula vibaya hutoa homa ndani yake, ndivyo roho iliyojaa matendo maovu itakavyowaka kwa kumbukumbu la matendo hayo, dhamiri ikiishitaki. Na Mungu katika hayo ni kama tabibu. Tabibu hupasa jipu na kuunguza kidonda, akampa mgonjwa dawa chungu, na mgonjwa hulia. Walakini hufanya hayo ili kuponya. Anayedharau ugonjwa kwa kuwa tabibu yupo ni mpumbavu, kwa maana kadiri ugonjwa unavyozidi, dawa nayo huzidi ukali.

Watu walimwuliza: kama roho ina hiari, nani atazuia isianguke tena baada ya kurudishwa? Katika maelezo yake ya Waraka kwa Warumi alijibu kwamba upendo ndio utakaozuia. Hakuna kitu kiwezacho kututenga na upendo wa Mungu ulio katika Kristo, tena upendo haupungui neno wakati wo wote. Nguvu ya msalaba yatosha kuponya vizazi vyote, vilivyopita na vitakavyokuja, na roho iliyompenda Mungu kwa ukamilifu haitataka tena kumwacha, ijapokuwa yaweza.

Liko na jambo lingine lililo karibu sana na mioyo yetu. Mwalimu afundishaye katika nchi hizi hawezi kulikwepa swali la wazee: baba zetu waliokufa kabla Injili haijafika kwetu, wamekwenda wapi? Mzee aulizapo hivyo, huuliza kama aweza kuingia katika nyumba ambayo baba yake amefungiwa nje. Na mwalimu amjibuye kwa haraka, kwa kumtia hofu au kwa kumfurahisha tu, hutia jeraha lisilopona upesi. Swali kama hilo lilikuwa limeulizwa katika Kanisa la kwanza, na Origen hakulidharau. Katika mahubiri yake juu ya kitabu cha kwanza cha Samweli alifundisha kwamba Kristo alishuka mpaka kuzimu, na manabii wakamtangulia huko, wakatangaza kuja kwake kama walivyotangaza duniani. Na katika kitabu chake juu ya Celsus, mtu aliyewadhihaki Wakristo, alisema kwamba roho ya Kristo, ilipotengana na mwili, ilizungumza na roho za wafu na kuwageuza waliokuwa tayari kumpokea. Tabibu, alisema, hushuka mahali walipo wagonjwa. Hakusema kwamba wote walimpokea, wala hakuihesabu idadi yao. Alisema tu kwamba hapana mahali penye giza hata Bwana asipafikie.

KUHAMISHWA KWAKE NA KAZI YAKE KATIKA KAISARIA

Karibu na mwaka 215 palitokea fujo na mauaji katika Aleksandria, na Origen akaenda Palestina. Maaskofu wa huko, Theoctistus wa Kaisaria na Alexander wa Yerusalemu, walimwomba aeleze Maandiko kanisani, ijapokuwa hakuwa padre. Demetrius hakupendezwa, akamwita arudi, akarudi. Lakini karibu na mwaka 230, alipokuwa safarini kwenda nchi ya Wayunani, maaskofu wale walimwekea mikono Kaisaria akawa padre. Demetrius alikasirika sana, kwa kuwa mtu wa dayosisi yake amepewa daraja na wengine bila ruhusa yake. Tena alilitangaza kosa moja la ujana wa Origen ambalo Eusebius analisimulia, kwamba kwa kulishika neno moja la Injili kwa ukali wa herufi, aliuumiza mwili wake. Maaskofu wa Misri wakamhukumu, naye akauacha mji alikozaliwa, alikouawa baba yake na wanafunzi wake, akahamia Kaisaria.

Huko alifanya kazi karibu miaka ishirini. Alihubiri mara nyingi sana, mbele ya watu wa kila namna, hata wale waliosinzia na wale waliotoka kabla ya mwisho, ambao aliwakaripia. Mpaka alipopita miaka sitini hakuwaruhusu waandishi kuyaandika mahubiri yake. Vijana wawili ndugu, Gregory na Athenodorus, waliokuwa njiani kwenda kusoma sheria, walimsikia wakaiacha safari yao, wakakaa naye miaka mitano. Gregory akawa askofu katika nchi ya Ponto, na mapokeo ya mafundisho yake yalimfikia mwanamke mmoja, Macrina mkubwa, aliyewafundisha wajukuu zake. Wajukuu hao ndio Mtakatifu Basil, Mtakatifu Gregory wa Nyssa na dada yao Macrina mdogo. Mwalimu haijui njia ya neno lake baada ya kutoka kinywani mwake.

Katika mahubiri juu ya Mambo ya Walawi, aliyoyatoa Kaisaria, Origen alisema neno ambalo wengi wamelikumbuka. Bwana wetu aliwaambia wanafunzi wake usiku wa Karamu ya mwisho kwamba hatakunywa tena uzao wa mzabibu mpaka atakapounywa pamoja nao katika ufalme. Origen alieleza kwamba Bwana angali anangoja. Furaha yake haijatimia maadamu kiungo kimoja cha mwili wake kingali katika dhambi. Mitume nao, na Ibrahimu, na manabii wote, wanangoja sisi tutimie, ili furaha iwe moja. Nasi twajua jambo hili katika nyumba zetu: mama hali akashiba ikiwa mtoto mmoja hajarudi, na usiku umeingia.

Walakini hakuitoa siri hii ovyo. Katika kitabu juu ya Celsus, alichokiandika karibu na mwaka 248, alisema kwamba si salama kueleza kwa wote yote yaliyo mbele zaidi ya adhabu, kwa sababu wako watu ambao hata hofu ya adhabu ya milele yawazuia kwa shida wasitumbukie katika uovu. Na habari za Shetani, adui zake walivumisha kwamba amefundisha ya kuwa ataokolewa. Origen akawaandikia rafiki zake wa Aleksandria kwamba maneno yake yamepotolewa, na kwamba hata mwenda wazimu hawezi kusema hivyo.

MATESO YAKE NA KUFA KWAKE

Mwaka 250 Kaisari Decius aliamuru watu wote watoe sadaka kwa miungu. Askofu Alexander wa Yerusalemu alifia gerezani Kaisaria. Origen, aliyekuwa mzee wa miaka sitini na zaidi, alikamatwa, akatiwa kongwa la chuma shingoni, akafungiwa katika giza la gereza. Miguu yake ilinyoshwa katika mkatale mpaka tundu la nne kwa muda wa siku nyingi, na wakamtisha kwa moto. Liwali alijitahidi asimwue, maana alitaka amkane Kristo mbele ya watu, ili wanafunzi wake wavunjike moyo. Hakumkana.

Decius aliuawa vitani mwaka 251, na Origen akafunguliwa, lakini mwili wake ulikuwa umevunjika. Alipata kuandika barua za kuwafariji walioteswa, kisha akafa, karibu na mwaka 254, akiwa na miaka sitini na tisa, akazikwa Tiro. Kile alichokitamani katika ujana wake, mama yake alipomficha nguo, alikipata kwa sehemu katika uzee.

NENO LA KANISA BAADA YAKE

Baada ya kufa kwake watu waligawanyika. Mtakatifu Gregory wa Nyssa alisema waziwazi zaidi kuliko Origen kwamba uovu hauna budi kwisha, kwa kuwa hauna asili yake kwa Mungu. Mazungumzo yake na dada yake Macrina, alipokuwa karibu kufa mwaka 379, aliyaandika katika kitabu juu ya roho na ufufuo, na Kanisa halikumhukumu kwa ajili yake. Mtakatifu Augustino, Mwafrika wa Hippo, alipinga. Katika kitabu cha 21 cha Mji wa Mungu alionyesha kwamba Bwana wetu, katika Mathayo sura ya 25, asema adhabu ya milele na uzima wa milele kwa neno moja, na hatuwezi kulifupisha neno hilo upande mmoja na kulirefusha upande wa pili.

Mwaka 543 Kaisari Justinian alitoa amri juu ya mafundisho ya Origen, na mwaka 553, miaka karibu mia tatu baada ya kufa kwake, wakati wa Baraza kuu la tano la maaskofu huko Constantinople, jina lake lilitiwa pamoja na wazushi. Yaliyokataliwa ni haya hasa: kwamba roho zilikuwako kabla ya miili zikaanguka, na kwamba pepo na watu wote hawana budi kurudishwa katika hali ile ya kwanza. Wataalamu hata leo hubishana juu ya kiasi gani cha hayo kilikuwa chake na kiasi gani cha watawa waliotumia jina lake. Vitabu vyake vingi vilipotea. Kile cha Mianzo twakipata kizima katika Kilatini tu, kwa tafsiri ya Rufinus ya mwaka 398, ambaye alikiri kwamba alibadilisha mahali mahali. Lakini si vyote vilivyokufa. Mwaka 1941 vitabu vya mafunjo vilionekana Tura, karibu na Cairo, pamoja na mazungumzo yake na askofu mmoja, Heraclides. Na mwaka 2012 mahubiri yake 29 juu ya Zaburi, katika Kiyunani chake mwenyewe, yalitambuliwa katika maktaba ya München nchini Ujerumani, yalimokaa muda mrefu bila jina la mwenyewe.

MAMBO YA KUJIFUNZA

Basi sisi twafundisha nini? Twafundisha lile ambalo Kanisa zima hulikiri: kwamba Kristo amefufuka, kwamba atakuja kuhukumu walio hai na wafu, na ufalme wake hautakuwa na mwisho. Katika ufalme huo dhambi haitaingia, wala mauti hayatakuwapo tena. Habari hiyo si dhana ya Origen, bali ni ahadi iliyoandikwa katika Ufunuo, sura ya 21. Twafundisha pia kwamba mtu aweza kuikataa nuru, na kwamba Bwana mwenyewe ametuonya juu ya mlango utakaofungwa. Asemaye kwamba wote hawana budi kuokoka, hata hiari isiwe na kazi, amesema kuliko alivyopewa.

Lakini asemaye kwamba anaijua idadi ya waliopotea, naye amesema kuliko alivyopewa. Mungu ataka watu wote waokolewe, kama Paulo alivyomfundisha Timotheo, na kwa hiyo Kanisa huwaombea watu wote bila kumtoa mmoja. Mzee aulizapo habari za baba yake, tumwambie kwamba Hakimu wa baba yake ni yule aliyeshuka kuzimu kumtafuta Adamu, na kwamba hukumu zake ni za haki, na rehema zake hazina kipimo chetu. Hayo yatosha kwa mzee kuingia mlangoni, na hayo ndiyo tuliyopewa.

Na mtu akidhani kwamba tumaini kubwa hulegeza mwenendo, na ayatazame maisha ya Origen. Kwa wale wanafunzi aliowabusu njiani kwenda kuuawa, hakutumia tumaini lake kuwa mto wa kulalia; lilimpa nguvu ya kulala chini, kufundisha tangu asubuhi hata usiku, na kuvumilia mkatale katika uzee. Aliwapeleka wanafunzi wake mikononi mwa mauti kwa sababu aliamini kwamba mauti ni adui aliyekwisha kuhesabiwa siku zake.

Ee Mungu, uliyemfufua Mwanao Yesu Kristo katika wafu, utuokoe na dhambi zetu, uwarehemu waliotutangulia, nao tunaowajua na wasiojulikana na mtu. Na siku ya Yubile ile isiyo na mwisho utukusanye sote nyumbani mwako, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.